Cherehani ya ngozi na sofa: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Kama una pesa ya cherehani moja tu, na kazi zako ni sofa, siti za magari na mikoba, nunua cherehani ya kiwandani ya meza bapa inayovuta kwa njia tatu (meno ya chini, mguu wa juu na sindano vyote husogeza kazi), hata ikiwa ya mtumba. Ndilo jibu langu. Nitaeleza kwa nini nalishikilia, na pia nani anapaswa kununua kitu kingine.

Ukiingia dukani utaelezwa habari za nguvu: mota ya wati ngapi, chuma kizito kiasi gani, inashona jinzi mikunjo mingapi. Lakini kutoboa si tatizo kubwa. Hata Butterfly nyeusi ya kukanyaga kwa mguu hutoboa ngozi ya mbuzi bila kulalamika. Kinachozishinda cherehani nyingi ni kuvuta.

Cherehani ya nguo huvuta kwa meno ya chini, yale ya chuma yaliyo chini ya sindano, peke yake. Kipande cha chini kinakwenda, cha juu kinabaki nyuma kwa sababu mguu, yaani kile chuma kinachobana kitambaa, umekikandamiza. Kwenye pamba tofauti ni ndogo na mkono wa fundi huisawazisha. Kwenye reksini na ngozi mambo hubadilika, maana uso wake unanata kwenye mguu. Shona upande mmoja wa mto wa kochi la watu watatu, na ukifika mwisho kipande cha juu kimezidi, kona hazikutani. Fundi akijaribu kuokoa kazi kwa kuvuta kwa mkono, sindano inapinda, mshono unaruka au sindano inavunjika. Kwenye kitambaa utafumua na kurudia. Kwenye ngozi tundu likishatobolewa halifutiki, na kipande hicho umekipoteza.

Cherehani ya njia mbili inaongeza mguu wa juu unaotembea sambamba na meno. Ya njia tatu inaongeza jambo lililo kubwa zaidi: sindano yenyewe, ikiwa bado imezama ndani ya ngozi, inasogea nyuma pamoja na meno na mguu wa ndani (mguu wa juu hapa una sehemu mbili, ya ndani na ya nje). Tabaka zote zimechomwa mahali pamoja na zinasogezwa pamoja, kwa hiyo hakuna ya kubaki nyuma. Mguu wa nje unashikilia kazi wakati ule wa ndani unainuka kwenda kuchukua hatua nyingine. Ukifika penye mkunjo mnene wenye paipini (kamba ya kupambia kingo) ndani, unaupanda bila kufupisha mshono.

Nafasi ya kwanza: meza bapa, njia tatu

Majina ya kutafuta ni Juki DNU-1541, Juki LU-563 ya zamani, Consew 206RB na Singer 111W155. Hiyo Singer ni muundo wa kale wa Marekani, lakini spea zake bado zinatengenezwa, na kichwa (cherehani yenyewe bila meza na mota) kilichotunzwa kinashona vizuri hadi leo. DNU-1541 inatoa mshono wenye urefu wa hadi milimita 9, na mguu wake ukiinuliwa kwa goti unapanda milimita 16. Kipimo hicho cha goti ni muhimu kuliko mwendo wa mishono 2,500 kwa dakika ulioandikwa kwenye karatasi yake, maana hakuna anayeshona sofa la ngozi kwa mwendo huo. Unachohitaji ni kuingiza tabaka nne na paipini chini ya mguu huku mikono yote miwili imeshika kazi.

Juki mpya ni ghali. Nchini Marekani, kichwa pamoja na meza na mota huuzwa zaidi ya dola 1,500, na kwetu kuna usafiri na ushuru juu yake. Ndiyo maana nasema mtumba. Cherehani hizi zilitengenezwa zifanye kazi kutwa nzima kiwandani kwa miaka mingi, kwa hiyo iliyokwishatumika si iliyokwisha. Nakala za Kichina za muundo huohuo nazo zinafaa, mradi umezijaribu kwa namna nitakayoeleza.

Kwa fundi wa Keko, Dar es Salaam, anayetoa seti za makochi, au mwenzake wa Ngong Road kule Nairobi, hapa ndipo safari inapoishia. Asihangaike na mengine.

Nafasi ya pili: mkono wa bomba

Hii ni ile ambayo badala ya meza ina mkono mwembamba unaotokeza pembeni, ukavisha mkoba, kofia au kiatu juu yake na kushona kwa mzunguko. Juki LS-341 na Pfaff 335 ndizo zinazojulikana zaidi. Nyingi huvuta kwa njia tatu vilevile.

Kama zaidi ya nusu ya kazi yako ni mikoba, mabegi ya mgongoni, pochi na vifuko, ipandishe hii iwe ya kwanza. Kuna hoja moja inayonifanya niipende sana: mkono wa bomba unaweza kuwekewa kimeza cha kuvalisha ukashonea kazi bapa, lakini meza bapa haiwezi kugeuzwa bomba. Kilichonizuia kuiweka juu kwa kila mtu ni sofa. Kifuniko cha kochi ni kizito, kinaning'inia, na kwenye kimeza kidogo kinajivuta chenyewe na kuharibu mshono. Pfaff 335 nayo imezaliwa kwa kazi nyepesi ya kukunja kingo na kuzungushia utepe. Usiipe mikanda minene ya ngozi ya ng'ombe.

Nafasi ya tatu: njia mbili, mpya, ya Kichina

Zile zenye namba 0302, iwe Typical au jina jingine, zinavuta chini na juu bila sindano kusogea. Zinapatikana, spea zake zipo, na mafundi wa kuzitengeneza wapo. Kwa siti za bodaboda, mabegi ya shule, turubai na sofa za kitambaa, zinalipa haraka. Kwenye reksini laini zinajitahidi. Kwenye ngozi halisi ya tabaka tatu utaanza kuona mishono inabadilika urefu unapopanda mkunjo, na meno yanaacha alama upande wa chini. Mwenye mtaji mdogo anayeanza na siti aanze na hii, ila asikubali kuambiwa kwamba ni sawa na ile ya njia tatu. Mwambie muuzaji azungushe gurudumu polepole, uangalie sindano inapokuwa chini: ikisogea pamoja na meno ni njia tatu, ikibaki wima pale pale ni njia mbili.

Nafasi ya nne: cherehani ya viatu

Singer 29K, iliyotoka kiwanda cha Kilbowie huko Clydebank, Scotland, ni chombo cha ajabu kwa kazi yake. Haina meno ya chini, mguu wenyewe ndio unaovuta, na mguu huo unazunguka pande zote, kwa hiyo unashona kuelekea popote bila kugeuza kiatu. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, lakini zipo nyingi bado zinazofanya kazi. Nakala ndogo za Kichina za kuzungusha kwa mkono hufuata wazo hilo, huuzwa mtandaoni chini ya dola 200, na hazihitaji umeme kabisa. Chuma chake kinakwaruza, lazima upige msasa mahali uzi unapopita ndipo uzi uache kukatika.

Fundi wa Kariokor, Nairobi, anayeshona ndala na viatu, au anayetengeneza zipu za mabegi barabarani, ana haki ya kuiweka ya kwanza. Kwa sofa haifai hata kidogo. Bobini yake ni ndogo mno, uzi mnene inaukataa, na mshono mrefu ulionyooka inaupinda.

Butterfly na Singer nyeusi

Tayari unayo au jirani anayo, kwa hiyo swali ni kama itatosha. Inatosha kwa pochi, bitana na reksini nyepesi ya tabaka mbili, ukiweka sindano ya ngozi namba 16 au 18 na mguu wa teflon usionata. Kuinunua mpya kwa ajili ya ngozi, hapana.

Na zile za nyumbani, za plastiki, zilizoandikwa kwamba ni za kazi nzito: usinunue kwa biashara hii. Mota yake ni ndogo, mguu unainuka kidogo, na uzi wa sofa haupiti vizuri kwenye ndoana yake, yaani kile chuma cha chini kinachonasa uzi wa sindano. Inaniuma kuona kijana ametoa akiba yake yote kwa chombo kile kwa sababu ya maandishi ya kwenye boksi.

Cherehani ile kubwa ya muundo wa Juki 441, na nakala zake kama Cowboy CB4500, nimeiacha nje ya orodha. Hiyo ni ya matandiko ya farasi, mikanda ya tabaka mbili na ala za visu. Inashona unene unaokaribia sentimita mbili kwa uzi kama kamba, na bei yake kule Marekani inapita dola 2,000. Kwenye ngozi ya sofa, yenye unene wa kama milimita moja, itaacha matundu makubwa na alama za mguu. Inunue siku wateja wa mikanda watakapokupanga foleni.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Nenda na vitu vyako mwenyewe: vipande viwili vya reksini vya mita moja moja vilivyokatwa sawasawa, mabaki ya ngozi, paipini, na uzi unaoutumia kazini. Muuzaji akikupa kitambaa chake cha kuonyeshea, mshukuru na utumie chako.

Linganisha vile vipande viwili vya reksini mwanzoni, shona hadi mwisho bila kuvuta, mikono ikiongoza tu. Vikiishia pamoja, au vikapishana milimita chache, mvuto uko sawa. Kisha kunja ngozi tabaka nne, panda juu yake kutoka kwenye tabaka mbili, ushuke tena. Hesabu kama mshono umeruka na pima kama urefu umebaki uleule. Rudisha nyuma: sindano inapaswa kuingia karibu na matundu yaleyale. Shika nguzo ya sindano uitikise. Ikicheza kwa kiasi unachokisikia kwa vidole, imechakaa. Fungua sahani iliyo chini ya sindano, angalia ncha ya ndoana kwa tochi. Mikwaruzo midogo husuguliwa, ncha iliyovunjika ni gharama. Meno yaliyolika yanabadilishwa kirahisi, hayo yasikukimbize, ila yatumie kuombea bei ipunguzwe.

Halafu geukia mota. Kichwa kizuri kinaweza kuja na mota itakayokutesa. Iliyotoka Japani inaweza kuwa ya volti 100, ya Marekani volti 110 hadi 120, na kwetu umeme ni volti 230 hadi 240. Iliyotoka kwenye kiwanda kilichofungwa mara nyingi ni ya fezi tatu, na kibanda chako kina fezi moja. Soma kibati cha mota kabla ya kitu kingine chochote. Suluhisho ninalolipendekeza kwa hali zote hizo ni kuweka mota ya servo ya fezi moja. Ile ya klachi ya zamani inazunguka na kunguruma tangu unapoiwasha, hata ukiwa unakata kitambaa, na umeme wa LUKU unakwenda. Servo inazunguka pale tu unapokanyaga, na unaweza kuipunguza mwendo hadi ishone tundu kwa tundu. Kwa ngozi, huo mwendo wa pole una thamani kuliko tofauti yoyote ya jina lililoandikwa kwenye kichwa. Mota ikikosa nguvu kwenye mwendo mdogo, weka puli (gurudumu la mkanda) ndogo upande wake.

Uzi na sindano, siku hiyohiyo

Usitoke dukani bila kuuliza mfumo wa sindano. Nyingi za njia tatu hutumia 135x17 kwa kitambaa na 135x16 kwa ngozi, yenye ncha inayokata. Sindano za DBx1 za cherehani ya nguo ni fupi kwa cherehani hizi, na ukizilazimisha mishono itaruka na utadhani umeuziwa mbovu.

Kwa sofa na mikoba mingi uzi wa nailoni wa tex 70 unatosha (tex ni kipimo cha unene, namba ikipanda uzi ni mnene zaidi), na sindano yake ni namba 18. Ukitaka mshono unaoonekana kwenye ngozi, panda hadi tex 90 kwa namba 20, au tex 135 kwa namba 22 au 23. Angalia lebo vizuri, maana roli nyingi zimeandikwa kwa tiketi, mfumo mwingine wa namba, na huko namba inapungua uzi unapoongezeka unene: tiketi 20 ni mnene kuliko tiketi 40. Kwa siti za bodaboda, viti vya nje na chochote kinachokaa juani, chukua poliesta badala ya nailoni, kwa sababu jua huidhoofisha nailoni mapema.

Weka mshono wa milimita 4 hadi 5 kwa ngozi ya sofa, na mfupi kidogo kwa mikoba. Mishono iliyobanana sana kwenye ngozi inageuka mstari wa kuchania, na mteja atakurudishia kochi lililopasuka penye mshono ilhali uzi bado mzima.