"Saber" au "conocer": kulitafsiri neno "know" kwa Kihispania
Mfasiri anayelihamisha neno la Kiingereza "know" hadi Kihispania hujikuta njia panda, kwa kuwa lugha hiyo ina vitenzi viwili ambavyo havibadilishani nafasi, ilhali "kujua" kwetu hubeba maana zote mbili bila taabu. Saber huhusu habari na ujuzi: "sé dónde vive" ni kujua mtu anaishi wapi, na "sé nadar" ni kujua kuogelea. Conocer hudai mazoea na kitu chenyewe, ndiyo maana huandikwa "conozco a Ana", yaani "namfahamu Ana", na kile kihusishi "a" mbele ya mtu hakiachwi.

Ugumu halisi, kwa maoni yangu, umo katika wakati uliopita, kwani "supe", umbo la saber, kwa kawaida si "nilijua" bali "nilipata habari", na "conocí a Ana" hutaja siku tulipoonana mara ya kwanza. Anayetaka kusema kwamba tayari alikuwa akimfahamu ataandika "conocía". Shairi nalo hupokea vyote viwili: aliyelihifadhi kichwani hutumia saber, aliyewahi kulisoma tu hutumia conocer.