Vifaa vya Volkswagen ya baba vilivyofufuliwa Gerezani

Volkswagen aliyoniachia baba ni ya mwaka 1965, ile ya mgongo wa kobe. Gari lenyewe lilishapona. Kilichokuwa kikinikera ni vifaa vyake vya asili, ambavyo vilikaa miaka 13 kwenye buti la mbele, maji ya mvua yakivuja juu yake: jeki, spana, plaizi, bisibisi na spana ya plagi.

Mara ya kwanza nilivipeleka kwenye karakana moja, sitaitaja. Spana mbili zilipitishwa grenda, zikapuliziwa rangi ya fedha. Ziling'aa kama vijiko vya harusini, ila namba na nembo zilizogongwa kiwandani zikafutika. Namba zile ndizo baba alizonifundishia kusoma saizi za spana nikiwa na miaka saba. Niliumia sana.

Vilivyobaki nikampelekea fundi wa Gerezani, hapa Dar. Kabla hajasema bei alikwangua kidogo ubavu wa jeki kwa ncha ya kisu, na chini ya kutu ikatokea rangi nyeusi ya kiwandani. Hapo nikajua nimefika. Spana alizilaza kwenye siki usiku mmoja, asubuhi akazisugua kwa brashi ya waya ya mkono, akazisuuza kwa maji ya magadi ili siki isiendelee kula chuma, akazikausha papo hapo. Vyenye mng'ao wa zinki hakuvitia kwenye siki kabisa, kwa sababu siki inaondoa zinki. Hivyo alivifuta kwa mafuta ya taa tu.

"Dada, hivi vishimo vya kutu naviacha," aliniambia. "Nikivisaga mpaka viishe, na maandishi yanaondoka."

Jeki ilipata praima na koti mbili nyembamba za rangi nyeusi isiyong'aa sana. Nguzo ambayo jeki hupandia hakuipaka, maana rangi ikiwa nene hapo jeki hukwama.

Ninachomlaumu ni muda: aliahidi siku 4, zikawa 9, na simu yake mchana haipokelewi. Nililipa shilingi 85,000. Mfuko wa turubai wa kuwekea vifaa nilishonesha kwingine.

Nilivijaribu wiki iliyofuata kwa kubadilisha mkanda wa feni. Kwenye gari hili mkanda huo ndio unaozungusha feni ya kupoza injini, na injini haina maji. Ukikatika, unasimama hapo hapo. Nati ya puli, lile gurudumu linaloshika mkanda, ni saizi 21 (milimita), na spana ya plagi ndiyo inayoifungua. Nilizuia puli kwa bisibisi ya baba, nikavuta. Spana ilishika nati bila kuteleza, na rangi ya mpini haikubanduka hata kidogo.

Ukienda kwake, nenda asubuhi, na mwonyeshe kwa kidole kila maandishi unayotaka yabaki.