Kabla ya kuchagua pa kuchapishia maandishi yako mtandaoni, tazama mlango wa kutokea

Malalamiko ya wasomaji yanayonifikia kuhusu majukwaa ya kuandikia yanafanana mno. Mtu ameandika kwa miaka, ana makala nzuri na watu wanaozisubiri, kisha jukwaa linafungwa, au linabadilisha masharti, au akaunti yake inafungiwa bila maelezo ya kueleweka. Akiwahi, anapakua nakala ya kazi zake, anashusha pumzi na kuhamia kwingine. Baadaye ndipo anapogundua kwamba maandishi anayo lakini wasomaji hawampati tena. Kila linki iliyowahi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kila tovuti iliyomnukuu, kila nafasi aliyoipata kwenye Google, vyote vinaishia kwenye ukurasa usio na kitu.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia rangi, aina za herufi wala urahisi wa kuandika. Majukwaa makubwa yote yana sehemu nzuri ya kuandikia, yote yanasomeka kwenye simu, na lolote utakalochagua utalizoea. Nimeyapanga kwa swali moja tu: siku ukiondoka, linki zako za zamani zitabaki mikononi mwa nani?

Wanaodhani jukwaa kubwa halifi wakumbuke GeoCities. Yahoo iliinunua mwaka 1999 ikiwa miongoni mwa tovuti zilizotembelewa sana duniani, na Oktoba 2009 ikaifunga pamoja na kurasa za mamilioni ya watu. Posterous ilinunuliwa na Twitter Machi 2012, na tarehe 30 Aprili mwaka uliofuata ikazimwa. Facebook ilikuwa na sehemu yake ya makala ndefu iliyoitwa Notes, na watu waliandika humo mambo mazito. Kuanzia mwisho wa Oktoba 2020 haikuwezekana tena kuandika mapya. Typepad ilianza mwaka 2003, watu walikuwa wakiilipia, nayo ilifungwa tarehe 30 Septemba 2025. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu tumezoea kuambiana kwamba ukilipa uko salama. Kituo cha utafiti cha Pew kilipochunguza jambo hili mwaka 2024, kilikuta asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013 hazifunguki tena.

Sasa tuingie kwenye kasoro ambayo miongozo mingi huiruka. Majukwaa hujisifu kwamba unaweza kupakua kazi zako wakati wowote, na ni kweli, karibu yote yana kitufe hicho. Lakini faili unalopewa ni la maandishi. Anwani haimo humo. Kama makala yako ilikuwa inaishi kwenye jina la jukwaa, yaani jina lako likifuatiwa na blogspot.com, wordpress.com, substack.com au medium.com, basi anwani hiyo ni mali yao. Ukihama, njia pekee ya kumfikisha msomaji wako mahali papya ni seva ya zamani, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, kumwelekeza, ile wanayoiita 301, inayoiambia pia Google kwamba ukurasa umehama kwa kudumu. Wa kuamua kama hilo litafanyika ni mwenye seva, nawe huna seva.

Picha nazo zina mkasa wake. Fungua faili la XML unalopakua kutoka WordPress ulitazame kwa ndani: utaona maneno yako yote, tarehe, hata maoni ya wasomaji, lakini palipokuwa na picha pana anwani tu inayoonyesha picha ilipo kwenye tovuti ya zamani. Unapoliingiza faili hilo kwenye tovuti mpya, kuna kisanduku kidogo cha kuweka tiki kinachouliza kama unataka picha nazo ziletwe. Ukikiacha wazi, makala zako zitaonekana kamili kabisa, kwa sababu picha zinaendelea kuvutwa kutoka kule kule ulikotoka. Siku tovuti ya zamani ikizimwa, zinatoweka zote kwa mpigo. Kwa hiyo weka tiki, na usifunge ya zamani mpaka umehakikisha picha zimefika.

Dawa ya haya yote ni kununua domeini yako mwenyewe, yaani jina la tovuti kama jinalako.com, na kuiunganisha na jukwaa tangu mwanzo, kabla hujachapisha neno la kwanza. Jina likiwa lako, jukwaa linabadilika huku nyuma na msomaji hajui wala hahitaji kujua.

Wa kwanza, na sina haja ya kuficha upendeleo: WordPress ya kujisimamia

Nazungumzia programu yenyewe, unayoipata bure WordPress.org na kuisimika kwenye seva unayokodi, si huduma ya WordPress.com. Watu wanazichanganya hizi mbili kila siku. Programu ilianza mwaka 2003 kwa kazi ya Matt Mullenweg na Mike Little, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Huduma ya WordPress.com ni ya kampuni ya Automattic, ambayo Mullenweg huyo huyo aliianzisha mwaka 2005.

Ninaipenda kwa sababu mlango wake wa kutokea ni mpana kuliko yote. Leseni yake ni ya GPL, maana yake hakuna anayeweza kukunyang'anya nakala unayoitumia. Kampuni inayohifadhi tovuti yako ikikusumbua, unabeba mafaili na hifadhidata, unayaweka kwa kampuni nyingine, unaelekeza domeini huko, na linki zote zinaendelea kufunguka bila hata moja kubadilika. Hata ukitokea kwenye jukwaa jingine inakupokea vizuri. Makala za Blogger, kwa mfano, huwa na anwani yenye mwaka, mwezi, kichwa na kumalizikia na .html. Ukiingia kwenye mipangilio ya WordPress na kuandika muundo wa anwani hivi: /%year%/%monthnum%/%postname%.html, tovuti yako mpya itatumia umbo lile lile. Kama ulikuwa na domeini yako kule Blogger, linki nyingi za zamani zitaendelea kufanya kazi kana kwamba hukuhama. Pitia moja moja zile zenye vichwa virefu, kwa sababu Blogger huvikata.

Ina kazi yake, sikatai. Lazima usasishe programu na programu-jalizi zake, yaani vijiprogramu vya kuiongezea uwezo, maana tovuti nyingi za WordPress zinazodukuliwa huingiliwa kupitia programu-jalizi zilizoachwa bila kusasishwa. Na Septemba 2024 ulizuka ugomvi mkubwa kati ya Mullenweg na WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress, hadi wateja wa kampuni hiyo wakazuiwa kwa muda kupata masasisho kutoka WordPress.org. Ugomvi ule ulinisikitisha sana, kwa kuwa waliobanwa ni watu wa kawaida wenye tovuti zao. Hata hivyo tovuti zao hazikuzimika, na aliyetaka kuhama kampuni aliweza kuhama na kila kitu chake.

Ghost, hasa kwa anayetaka wasomaji wanaolipia

Ghost ilianza mwaka 2013 kwa michango ya umma kupitia Kickstarter. Waanzilishi wake, John O'Nolan na Hannah Wolfe, waliiweka chini ya taasisi isiyogawana faida. Hilo lina uzito kwangu kuliko sifa yoyote ya kiufundi, kwa sababu hakuna mwenye hisa wa kuiuza kesho kwa tajiri atakayeifunga keshokutwa. Haikati hata senti kwenye malipo ya wasomaji wako. Unalipia huduma ya kuihifadhi, au unaisimika mwenyewe bure kama unamudu seva. Pia inakuruhusu kupakia faili la kuelekeza linki za zamani kwenda mpya, jambo ambalo wengine wanalifanya kuwa gumu bila sababu. Nimeiweka nyuma ya WordPress kwa sababu mafundi wanaoijua ni wachache, na ukikwama usiku hupati mtu wa kukusaidia kwa urahisi ule.

Substack, ukiwa na domeini yako tu

Tangu 2017 Substack imefanya jambo moja vizuri sana: orodha ya barua pepe za wasomaji wako ni yako, unaipakua na kuondoka nayo. Kwa mwandishi, orodha hiyo ina thamani kuliko makala zenyewe, kwa sababu hata linki zote zikifa bado unaweza kuwaandikia watu wako na kuwaambia uliko. Kuunganisha domeini ni dola 50, unalipa mara moja, na anwani yako ya zamani ya substack.com itawaelekeza wasomaji kwenye domeini hiyo. Lipa hizo dola 50 siku ya kwanza. Wengi husema watalipa blogu ikishakua, na ikishakua linki za substack.com zimeshatapakaa kila mahali.

Upande wa mapato, fanya hesabu kabla ya kushangilia. Substack huchukua asilimia 10, na Stripe inayopokea malipo huchukua asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila muamala, na asilimia 0.7 zaidi kwa malipo yanayojirudia. Msomaji akikulipa dola 5 kwa mwezi, unabaki na takriban dola 4. Na Stripe haifanyi kazi katika kila nchi, kwa hiyo hakikisha nchi yako imo kwenye orodha yao kabla hujawaahidi watu makala za kulipia.

Medium

Evan Williams, aliyeshiriki kuanzisha Blogger na Twitter, alianzisha Medium mwaka 2012, na kwa kusomeka vizuri machoni haina mpinzani. Inakuletea pia wasomaji usiowajua, na hilo si jambo dogo kwa anayeanza. Lakini makala iliyo kwenye medium.com haielekezwi kwingine ukiondoka. Mwaka 2017 iliacha kupokea domeini mpya za waandishi, ikazirudisha mwaka 2021, tena kwa wanachama wanaolipa. Jukwaa linalobadili msimamo kwenye jambo la msingi namna hiyo halipati kwangu makala ya kwanza. Linapata nakala. Chapisha kwanza kwako, kisha peleka Medium, na kwenye mipangilio ya juu ya makala uweke linki ya asili ili Google ijue chanzo ni tovuti yako.

Za bure

Blogger ni nzuri kuliko inavyosemwa. Google inaimiliki tangu 2003, na inakuruhusu kuunganisha domeini yako bila malipo, huku anwani ya blogspot ikielekeza yenyewe kwenye domeini hiyo. Kama huna fedha ila ya domeini, chukua hii. WordPress.com ya bure inaweka matangazo, haipokei domeini yako mpaka ulipie, na ukitaka kuondoka huku linki za zamani zikiwaelekeza wasomaji wako kwenye tovuti mpya, unatozwa kila mwaka. Wattpad ni kwa hadithi za mfululizo na wasomaji wake wapo, ila weka nakala zako pembeni. Facebook ni mahali pa kutangazia makala, usiifanye ghala lake.

Wauza domeini

Nimewashauri mnunue domeini, kwa hiyo sina budi kuwaonya kuhusu wanaoziuza, maana biashara hii imejaa ujanja unaokera. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa nene ni ya mwaka wa kwanza. Bei ya mwaka wa pili imefichwa kwa maandishi madogo, na mara nyingi ni mara mbili au zaidi. Unapofika kwenye kulipa, unakuta tayari wamekuwekea kwenye kapu barua pepe ya kulipia, ulinzi usioelezeka na kifurushi cha kutengeneza tovuti, vyote vikiwa vimeshatiwa tiki bila wewe kuomba. Wengine wanatoza kuficha anwani ya nyumbani kwako kwenye kumbukumbu za usajili, huduma ambayo wauzaji waungwana huitoa bure. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na wanaoumia ni wale wale wanaoanza na vijisenti vyao.

Linalonikasirisha zaidi ni domeini kuandikishwa kwa jina la fundi au la kampuni iliyotengeneza tovuti. Mteja analipa kila mwaka akiamini ni yake, siku wakikosana anakuta hana haki nayo. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kwa maandishi mambo haya: bei ya kuhuisha mwaka wa pili ni ngapi, jina litakaloandikwa kama mmiliki ni la nani, na barua pepe ya usajili itakuwa ipi. Barua pepe hiyo iwe yako binafsi, wala isiwe ile inayotumia domeini hiyo hiyo, kwa sababu domeini ikiisha muda na barua zake zinakatika, nawe hutaona hata onyo.

Kwa domeini kama .com unaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mara moja. Ukisahau kuhuisha na muda wa nyongeza ukapita, kuna siku 30 za kuikomboa kwa faini inayoumiza, kisha inaachiwa, na yeyote anaweza kuinunua pamoja na linki zako zote. Ukitaka kuhamia kwa muuzaji mwingine, unahitaji msimbo wa uhamisho, na kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, zinamtaka muuzaji akupe ndani ya siku 5. Kumbuka tu kwamba domeini mpya kwa kawaida haihamishiki katika siku 60 za mwanzo. Zikishapita, ingia kwenye akaunti yako uone kama unaweza kuutoa msimbo huo mwenyewe bila kumpigia mtu simu. Kama huwezi, omba msimbo siku hiyo hiyo na uhamie kwa muuzaji mwingine.