Kupima mshubiri Mbeya: vipimo vizuri, ripoti yenye pengo

Kikundi chetu cha Uyole hutengeneza sabuni ya mshubiri, na mwezi uliopita tulipeleka sampuli mbili katika maabara moja ya binafsi mjini Mbeya zipimwe uwezo wa antioksidanti, yaani wa kuzima molekuli zinazoharibu seli: ute wa ndani ya jani, na maganda yaliyokaushwa kivulini na kusagwa.

Bei tuliyotajiwa ndiyo tuliyolipa. Kilichonivutia zaidi ni kwamba fundi aliniruhusu nikae pembeni nikitazama. Walitumia DPPH, kemikali ya zambarau inayoyeyushwa katika methanoli. Dondoo la mmea likiipatia elektroni au hidrojeni, zambarau hiyo hufifia kuelekea njano, na spektrofotomita husoma rangi iliyobaki kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 517. Mchanganyiko uliwekwa gizani kwa dakika 30, na vitamini C ikapimwa sambamba ili kulinganishia, jambo ambalo mteja yeyote anapaswa kulidai. Ute ulipotiwa methanoli ulifanya ukungu, kwa kuwa sukari zake za minyororo mirefu hugandana ndani ya alkoholi, na ukungu huo huzuia mwanga na kuidanganya mashine. Bila kukumbushwa na mtu, fundi aliuzungusha kwa kasi hadi mashapo yakatuama, kisha akapima kimiminika kilichotakata.

Kasoro ipo kwenye ripoti. Ilitupatia IC50, yaani kiwango cha dondoo kinachotosha kuzima nusu ya DPPH, bila kueleza kama kilihesabiwa kwa uzito mbichi au mkavu. Ute wa mshubiri ni maji kwa takriban asilimia 98, kwa hiyo kuulinganisha hivyo na maganda makavu ni kushindanisha uji na unga. Mwenzetu mmoja hata aliishangilia namba kubwa ya ute, ilhali katika kipimo hiki namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Mstari mmoja tu wa maelezo ungetosha.

Tuliporudi waliisahihisha bila malipo ya ziada. Maganda bado yaliongoza, wala si ajabu, kwani fenoli (kemikali za mmea zenye uwezo huo wa antioksidanti) nyingi za mshubiri zimo kwenye ganda na utomvu wa njano ulio chini yake, sehemu ambazo sisi tulikuwa tukizitupa.

Nitawapelekea kazi tena, ila safari ijayo nitaandika “uzito mkavu” kwenye fomu mwenyewe. Maneno “huzuia uzee” hayataingia kwenye lebo yetu, kwa sababu kilichopimwa ni kufifia kwa rangi ndani ya kichupa, si ngozi ya mtu.