Kobe wa majini kwa nyumba ya Mbeya: yupi ununue, yupi umwache

Mwanangu alipotaka kobe, nilimnunulia yule aliyependeza kuliko wote. Alienea kiganjani, kijani kibichi, na doa jekundu nyuma ya kila jicho. Muuzaji alisema hakui zaidi ya hapo. Ilipofika Juni, maji ya beseni yakawa yanauma vidole kila alfajiri, naye akaacha kula. Mwili wa kobe hautengenezi joto lake. Asipolipata nje, hata chakula alichokwisha kumeza hakisagiki. Ndiyo maana hapa nawapanga kwa baridi yetu kwanza, kisha ukubwa. Sura inakuja mwisho.

Wa kwanza ni kobe wa miski, anayetoka mashariki mwa Marekani. Ni wa kahawia tu, watoto hawamkimbilii, na akishtuliwa hutoa harufu kali. Lakini gamba lake huishia sentimita 8 hadi 14, kwa hiyo tenki dogo linamtosha mpaka uzee. Hutembea sakafuni mwa maji kuliko kuogelea, akiokota konokono na minyoo. Mwekee magogo ya kupandia ili afike juu kuvuta hewa.

Wa pili ni kobe wa rangi. Kwao ni mpaka kusini mwa Kanada, ambako hupitisha majira ya baridi chini ya bwawa lililoganda. Baridi anaifahamu, ila beseni la kina kifupi linalopoa usiku na kuchemka mchana si bwawa, kwa hiyo hita bado inahitajika. Anapenda mno kuota jua. Bila jiwe la kupanda akakauka kabisa, ataugua. Jike hufika sentimita 25.

Wa tatu ni yule wangu, wa masikio mekundu, na ndiye utakayeuziwa kirahisi zaidi. Jike hufika sentimita 25 hadi 30 na anaweza kuishi miaka 30. Wafugaji hukadiria lita 40 za maji kwa kila inchi ya gamba. Jike wa inchi 10 anataka mapipa mawili ya lita 200. Maji yawe nyuzi 24 hadi 27, na mahali pa kuota jua pafike 30. Piga hesabu ya umeme wa Juni na Julai kabla hujalipa. Umeme ukikatika, funika tenki kwa blanketi, ukiacha nafasi ya hewa. Na usidhani jua la dirishani linatosha: kioo huzuia mionzi inayoimarisha gamba, kwa hiyo mtoe nje saa za jua, kwenye chombo chenye kivuli upande mmoja.

Ukimchoka, usimtupe mtoni. Umoja wa Ulaya ulizuia kumwingiza tangu 1997 kwa sababu huwabana kobe wenyeji. Hebu fikiria akifika kwenye ardhi oevu ya Ihefu!

Wa kwetu usiwanunue kabisa. Yule wa madimbwi ya Usangu, anayekunja shingo ubavuni na kujifukia topeni dimbwi likikauka, au yule wa gamba laini wa Ziwa Nyasa anayekula kombe na konokono, ni wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali kuwakamata au kuwamiliki. Hata kwa kobe wa kigeni, omba karatasi za muuzaji.

Kuhusu watoto: Marekani ilipiga marufuku 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya sentimita 10, kwa sababu watoto waliwatia mdomoni wakapata salmonela, bakteria wa kuharisha. Mikono ioshwe kwa sabuni, na beseni lake lisisuuziwe jikoni.

Siku ya kununua nenda asubuhi, omba awekwe kwenye maji. Macho yawe wazi, gamba gumu ukibonyeza, pua bila mapovu. Akiogelea kwa kuinama upande mmoja, huenda mapafu yameshaugua. Mwache hata akipunguzwa bei.