Walinipima rangi chini ya balbu ya manjano

Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike, na haijapoa. Duka liko ghorofani hapa mjini Kisumu. Wanakupima rangi za nguo zinazokufaa, kisha wanakuuzia hapo hapo. Jina silitaji. Vitambaa vyao vya kupimia ni vya pamba isiyong'aa, vipana vya kufunika mabega yote, na hilo nawapa kwa moyo mweupe, maana wengi hutumia satini ambayo hummulika mtu uso hata kama rangi haimfai. Kilichonikasirisha ni neno la yule dada mpimaji, nikiwa na kitambaa cha hudhurungi shingoni: "Hii si ya watu weusi kama wewe, siz. Wewe shika nyeusi, nyeupe na nyekundu."

Rangi aliyoninyima ni ile ya kahawa yenye maziwa, ambayo Pantone, kampuni ya Marekani inayoratibu rangi, waliitangaza rangi ya mwaka 2025 kwa jina la Mocha Mousse. Na sababu aliyoitoa ni ya uongo.

Alipima jua likishazama, chini ya balbu ya manjano. Balbu za aina hiyo, zilizoandikwa 2700 au 3000 kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) kwenye pakiti, huivuta kila rangi upande wa manjano: hudhurungi inakuwa kama kutu, buluu inafifia. Mwanga wa mchana huwa kati ya 5000 na 6500 hivi. Juu ya hayo, ukuta ulio ubavuni mwa kiti ni wa pinki. Kipimo hiki chote kinategemea kitambaa kurusha rangi yake chini ya kidevu. Ukuta nao ukirusha yake, huwezi kujua kilichobadilisha uso ni kipi. Fondesheni hakuniambia niitoe. Misuko yenye nyuzi za maruni hakuifunga. Alichoanza nacho ni kunigeuza kiganja atazame kama mishipa ni ya kijani au ya buluu, jambo lisilosaidia kwa ngozi nyeusi kwa sababu mishipa yenyewe haionekani vizuri.

Kupima kwenyewe ni hivi. Osha uso, ungoje robo saa hadi athari ya kusugua iishe. Funga kichwa kwa kitambaa cheupe, vua hereni. Kaa ukitazama dirisha, kama mita moja hivi, saa tatu hadi saa tano asubuhi, jua lenyewe lisikupige. Weka kitambaa chini ya kidevu na ubadilishe haraka, viwili viwili: nyeupe tupu kisha malai, nyekundu ya nyanya kisha nyekundu inayoelekea zambarau. Kitambaa usikitazame. Tazama chini ya macho, pembe za mdomo na mstari wa taya. Rangi isiyokufaa huleta majivu pembeni mwa mdomo na kuzidisha kiza chini ya macho. Inayokufaa, taya linaonekana lilipoishia, na mtu anayaona macho yako kabla ya blauzi.

Upimaji huu unatokana na mtindo wa kuwagawa watu kwa majira manne ya mwaka, kila majira na rangi zake. Ulipata umaarufu Marekani, na kwa muda mrefu weusi wote walitiwa kapu moja, la majira ya baridi. Ndiyo kadi niliyopewa: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Lakini angalia watu kumi kwenye matatu moja ya Kondele: kuna weusi unaoelekea buluu, kuna wenye dhahabu ndani yake, kuna wekundu kama udongo wa Kisii. Watavaaje rangi tatu zile zile?

Kahawa ya maziwa ina tatizo moja kwetu, nalo linatibika. Ikikaribiana mno na ngozi, nguo na shingo huungana, mtu akaonekana amefifia. Chukua iliyo nyeusi zaidi ngazi mbili, au nyepesi zaidi ngazi mbili. Au mwambie fundi atie kola ya malai ya sentimita tatu kati ya kitambaa na shingo. Ile pichi, rangi ya Pantone ya mwaka 2024, ndiyo ngumu kweli, kwa kuwa imechanganywa nyeupe nyingi na hulala juu ya ngozi nyeusi kama chaki. Ichukue iliyokolea, ya papai bivu.

Nilikusudia kuandika msiende. Halafu nikavikumbuka vile vitambaa, nikasema basi, nendeni asubuhi, uso mtupu, na ombeni kiti kisogezwe dirishani. Lakini hapana. Kuna msichana atakayeketi pale akiwa na harusi ya dada yake mwishoni mwa juma, aambiwe yeye ni mweusi mno kwa rangi aliyoipenda, na ataamini kwa sababu amelipia kuambiwa. Msiende mpaka yule dada afundishwe kazi na aache neno hilo.

Soko la Kibuye Jumapili utapata blauzi za kahawa ya maziwa, hata kamera, yaani mitumba ya daraja la kwanza. Usichague ukiwa chini ya turubai. La buluu huifanya kahawa ionekane kijivu, la chungwa huifanya iwake. Mwambie mama muuzaji unaitoa njiani kidogo, uishike chini ya kidevu, na uende na kioo chako.