TAHADHARI: Pikapu ikizima njiani, usikubali pampu ifunguliwe kabla ya vipimo

Ndugu zangu wenye Hilux za zamani za dizeli, zile zenye injini aina ya 2L, 3L na 5L na pampu ya dizeli (ile inayosukuma mafuta kwenda kwenye injini) isiyo na kompyuta, someni hii kabla hamjatoa hela. Hapa Dar kuna mafundi wanaoshirikiana na wauza spea kula watu kwa mtindo mmoja. Gari limezima na haliwaki, wanakuja wawili, mmoja anapiga stata mara mbili tatu, mwenzake anatikisa kichwa: "Bosi, pampu imekufa." Kipimo hakuna.

Shemeji yangu anabeba mboga kutoka Morogoro. 3L yake ilizima ghafla barabarani, stata inazungusha vizuri ila injini haishiki. Pampu ikafunguliwa palepale, akauziwa nyingine "ya Japani, imetoka kwenye gari zima" kwa laki nane na nusu. Ile yake wakaibeba, eti chuma chakavu. Gari likawaka. Wiki haikuisha likazima vilevile, na safari hii wakamwambia ni nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, aongeze hela.

Fundi tunayemwamini huku Mbagala alianza kwa kufungua swichi ya funguo bila kupiga stata, na kutega sikio juu ya injini. Kimya. Juu ya pampu, upande zinakotokea paipu za nozeli, kuna solenoidi ya kukata mafuta, yaani vali inayofunguliwa kwa umeme, yenye waya mmoja. Ukifungua swichi inapata volti 12, inalia "tik", mafuta yanapita. Umeme ukikatika hapo, injini inazima hata tanki likiwa limejaa. Akavuta waya kutoka chanya ya betri, akagusa teminali: tik! Stata mara moja, ikawaka. Alipochana plastiki ya waya wa zamani, shaba ndani ilikuwa ya kijani, inapukutika kama unga, imebaki kushikana kwa nyuzi mbili tu. Gari liliwaka siku ile kwa sababu walipofunga pampu waliutikisa waya ukagusana. Pampu ya shemeji ilikuwa nzima, na sasa iko mikononi mwao, atauziwa mwingine aliyekwama. Inaniuma sana, maana ile pikapu ndiyo inayosomesha watoto.

Kwa hiyo ukizimikiwa, sikiliza hiyo "tik" kwanza. Isipolia, angalia fyuzi na waya. Ikilia, mtu apige stata wewe ukiangalia ekzosi. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika ila haiungui. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki, na hapo nenda kwenye filta ya dizeli: bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu yake. Ikiwa laini tu bila kukaza, mfumo umevuta upepo, na mara nyingi mwizi ni hozi ya mpira iliyopasuka au klipu iliyolegea. Toa maji chini ya filta pia. Anayekwambia hita plagi ndizo zimezima gari likiwa kwenye mwendo, mwache aende zake. Hizo kazi yake ni kusaidia kuwasha injini ikiwa baridi.

Sisemi pampu haifi. Inakufa, na dalili yake moja ni gari kugoma kuwaka likiwa la moto, kisha likipoa linawaka. Funika pampu kwa kitambaa chenye maji baridi, subiri kidogo, jaribu tena. Likiwaka, hapo kweli pampu imelika ndani, na ni kazi ya watu wenye mashine ya kupimia pampu, si ya kufanyia kando ya barabara.

Ikibidi ifunguliwe, piga picha kibati cha pampu chenye namba kabla spana haijagusa nati, na pampu yako ya zamani ondoka nayo, hata wakikuahidi punguzo. Unayouziwa ikiwa imepuliziwa rangi mpya ya fedha na kibati kimeng'olewa, usiilipie. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi; ukiwa nayo unaweza kwenda polisi, na kama ni spea bandia, Tume ya Ushindani inapokea malalamiko hayo.

Kama umeuziwa pampu ya 3L Dar karibuni na kibati kimebaki, niandikie tulinganishe namba. Tunayo picha ya ile ya shemeji, aliipiga siku alipobadilisha mkanda.